Biashara ndogo za mtaani na mazingira Dar: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ambayo wenye vibanda, magenge na gereji, pamoja na wateja wao, wanayauliza sana hapa Dar. Tumeanza na ya kawaida afu tukashuka kwenye kesi zile za "sasa hapa nafanyaje". Kama jibu lako liko kwenye swali lingine tutakuelekeza huko, hatutarudia.

## Mambo ya msingi

1. Mkisema biashara ndogo mnamaanisha nani hasa?

Mangi wa duka la kona, mama ntilie na baba lishe, mwenye genge la nyanya na mchicha, kijana wa chipsi, muuza madafu, saluni, fundi viatu, fundi simu, fundi cherehani, gereji ya chini ya mwembe, waosha magari, mwenye mashine ya kusaga. Yani biashara ambayo ukimtoa mwenyewe unabaki na msaidizi mmoja au wawili, na mara nyingi huyo msaidizi ni shemeji au mtoto wa dada yake. Serikali nayo ina mistari yake, mfano vile vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vilikuwa vya watu ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka, ila hapa hatuchungulii mauzo ya mtu.

2. Mimi nina meza ya nyanya tu, mazingira yananihusu nini wakati wachafuzi ni viwanda?

Viwanda vinachafua, hilo hamna anayebisha. Ila sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar, na hao wengi wanakula, wananyoa, wanatengeneza simu na kununua sabuni kwa watu kama wewe. Meza moja haina madhara ya kuonekana. Sasa chukua meza zote kuanzia Manzese mpaka Mbagala, kila moja iache kifuko kimoja na konzi ya maganda kwenye mtaro kila jioni, afu subiri masika uone.

Mto Msimbazi unatokea huko kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza Vingunguti, unakuja Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Selander. Kinachotupwa kwenye mifereji ya mitaa yote hiyo kinakutana njiani. Desemba 2011 mvua ilipiga, mafuriko yakaua watu na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sio takataka peke yake iliyoleta yale, mvua ilikuwa kubwa sana na bonde ni bonde, ila mtaro ulioziba unaifanya hata mvua ya kawaida iingie ndani. Na inaingia ndani kwa nani kwanza? Kwa mwenye kibanda, ndo unakuta mfuko wa sukari umelowa na unga umekuwa uji, na bima hana.

3. Duka la mtaani linausaidia nini mtaa zaidi ya kuuza vitu?

Hili swali huwa linaulizwa na watu ambao hawajawahi kuishiwa tarehe 18. Duka la Mangi linakukopesha mchele kwa daftari bila dhamana wala fomu, anachojua ni kwamba unakaa nyumba ya geti jeusi na mwanao anaitwa fulani. Supamaketi haiwezi. Afu linakuuzia kwa kiasi cha hela uliyonayo, sukari robo, mafuta ya kupima ya jero, kiberiti kimoja, kitunguu kimoja, na kwa mtu anayelipwa kwa siku hiyo ndo njia yake ya kula leo.

Halafu kuna yale ambayo hayaandikwi popote. Funguo zinaachwa dukani, mgeni akipotea anaelekezwa dukani, mtoto akitoka shule na mama hajarudi anakaa kwenye benchi la fundi cherehani mpaka jioni, mtaani kukiwa na msiba daftari la michango linawekwa genge la mama fulani kwa sababu yeye yupo muda wote na watu wanamuamini. Usiku taa ya muuza chipsi ndo taa ya mtaa mzima, mtu akishuka daladala saa nne anatembea akijua kuna macho ya watu.

Na hela inazunguka. Mama ntilie ananunua nyanya gengeni, mwenye genge anashonesha sare ya mtoto kwa fundi jirani, fundi anakula kwa mama ntilie, wote watatu wanacheza mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, kwa kijumbe mmoja. Hela ikiingia kwenye mtaa wa namna hii inagusa mikono mingi kabla haijatoka.

4. Kwa hiyo kununua mtaani ni bora kwa mazingira kuliko supamaketi?

Mara nyingi ndio, sio mara zote, na tusidanganyane kwenye hili.

Faida ziko wazi. Unaenda kwa miguu. Unanunua kwa kupima kwa hiyo hamna boksi ndani ya plastiki ndani ya plastiki nyingine. Na chupa za soda na bia za kioo, ukinunua bila kuacha chupa Mangi anakudai hela ya chupa, ukirudisha anakurudishia, kreti linarudi kiwandani linaoshwa linajazwa tena. Huo mfumo umekuwepo miaka na miaka, kila mtoto wa Dar ametumwa dukani na chupa tupu. Nchi nyingine zinahangaika kutunga sheria ili watu warudishe chupa, sisi tunao utaratibu unatembea wenyewe, halafu tunauacha taratibu kwa sababu chupa ya plastiki haina usumbufu.

Ila nyanya ya gengeni na nyanya ya supamaketi zinaweza kuwa zimetoka Ilula, Iringa, kwenye lori moja. Hapo hamna tofauti ya safari. Na kama genge linakupa kifuko cha plastiki kwa kila kitu unachonunua, faida ya kupima imeisha hapo hapo.

## Mifuko na vifungashio

5. Rambo si zilikatazwa? Mbona vile vifuko laini vyeupe bado vipo kila kona?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kanuni ziliacha mlango kwa vifungashio, yani plastiki inayofungia bidhaa yenyewe, mfano dawa, vyakula vilivyosindikwa kiwandani, bidhaa za kilimo na ujenzi. Watu wakapita na ule mlango. Kile kifuko laini kisicho na mshikio kinachotakiwa kufungia bidhaa kikageuzwa cha kubebea nyama, mihogo, mchele, kila kitu, na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wameshalipigia kelele hilo zaidi ya mara moja.

Namna rahisi ya kujipima ni hii: kama mteja ananunua kitu afu wewe ndo unachukua kifuko kitupu unamuwekea ili abebe, huo ni mfuko, hata kama hauna mshikio. Usijifiche kwenye neno kifungashio.

6. Nikikamatwa nayo faini ni shilingi ngapi?

Kwa kanuni za 2019, anayekutwa nayo au anaitumia ni kuanzia 30,000 mpaka 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7. Anayeuza ni 100,000 mpaka 500,000 au mpaka miezi 3. Anayehifadhi stoo na kusambaza anaingia kwenye milioni 5 mpaka 50, na mtengenezaji au muingizaji faini yake inaanzia milioni 20 na inaweza kufika bilioni 1. Ona mwenyewe kwamba kifurushi ulichokificha chini ya meza kwa ajili ya wateja wasumbufu kinaweza kula mtaji wote. Kuhusu nani ana haki ya kukutoza na unalipaje, nenda swali la 18.

7. Ile mifuko mbadala ya rangi rangi, kama kitambaa, ndo suluhisho?

Ni afadhali, sio suluhisho. Wengi hawajui kwamba ile nayo ni plastiki, imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, inafanana tu na kitambaa. Maana yake ni urudie kuitumia mpaka ichoke, ndo maana kiwango kinataka isipungue uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba. Ule mwepesi unaochanika kabla hujafika nyumbani haukidhi kiwango, na ukiisha kazi unaenda mtaroni kama rambo tu. Ukinunua za jumla shika mfuko, vuta, soma kama una jina la mtengenezaji. Hauna jina, achana nao.

8. Mteja anakuja mikono mitupu na anataka mfuko wa bure, nisipompa anaenda kwa jirani. Nifanyeje?

Hapa hamna uchawi. Uza mfuko, usigawe, na bei iwe imebandikwa ili isionekane umemuonea yeye. Kuna magenge yanaweka vikapu vya ukili viwili vitatu pembeni, mteja wa karibu anaazima na kurudisha kesho, na kwa sababu anapita hapo hapo kila siku vinarudi. Ukikubaliana na wenzako wa mstari mmoja kwamba hamna wa bure, ile habari ya kwenda kwa jirani inakufa, ila mkubaliane kweli, sio mmoja anagawa kwa siri.

Bahasha za khaki zinafaa kwa vitu vikavu. Gazeti kwa vitunguu na karoti sawa, lakini kufungia mihogo ya moto au samaki wa kukaanga kwenye gazeti sio vizuri, mafuta yanatoa wino na mtu anakula nao. Kwa vya mafuta tafuta karatasi nyeupe isiyochapishwa. Na wateja wa chipsi na wali waambie waje na hotipoti zao, waongezee hata kipande cha ndizi ukitaka wazoee haraka.

## Jikoni kwa mama ntilie

9. Gesi ni ghali, mkaa umezoeleka. Kwa nini nihame?

Dar peke yake inakula karibu nusu ya mkaa wote unaotumika Tanzania, hiyo imesemwa miaka mingi, na mkaa hauoti hapa, unatoka kwenye misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga na mbali zaidi. Miti ya karibu ilishaisha, ndo maana bei inapanda kila mvua zikianza na barabara za porini zikiharibika. Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaambiwa ziachane na kuni na mkaa. Kibanda chako hakijafika huko, lakini upepo unakoelekea unauona.

Sasa hela. Wengi wanalinganisha bei ya kujaza mtungi na bei ya ndoo moja ya mkaa, hapo gesi lazima ionekane ghali. Linganisha wiki kwa wiki. Andika kila hela ya mkaa kwa siku saba, pamoja na mafuta ya taa au mfuko wa kuwashia, pamoja na ule mkaa unaoendelea kuwaka saa tisa mchana hamna mteja, maana mkaa hauzimwi kama gesi. Wengine wakipiga hesabu hivyo wanakuta gesi imeshinda, hasa wa chai, mayai, chapati na vitu vya kuwasha na kuzima. Wa makongoro na maharage hesabu inaweza kukataa, na hao hatuwezi kuwalazimisha kwa maneno mazuri.

Kwa hiyo wengi wanachanganya, na ni sawa. Vya haraka kwenye gesi, vya muda mrefu kwenye mkaa ila kwa jiko banifu lenye udongo ndani, sio lile la bati tupu. Maharage yaloweke usiku kucha, yanaiva mapema sana, hiyo haina gharama hata ya mia. Funika sufuria. Ukiwa na umeme wa uhakika presha kuka ya umeme inafanya maajabu kwenye maharage, watu wanaiogopa kwa sababu ya Luku lakini inakula kidogo kuliko wanavyodhani.

10. Vipi mkaa mbadala?

Upo wa aina mbili na watu wanauchanganya. Kuna unaotengenezwa na vumbi la mkaa, maganda na vifuu, na kuna unaotokana na makaa ya mawe, mfano Rafiki Briquettes wa STAMICO, shirika la madini la serikali. Wote unaokoa miti. Wa makaa ya mawe usiuite safi kwa kila kitu, miti imepona ila bado ni makaa ya mawe yanaungua. Wowote utakaochukua, usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, iwe masika iwe nini, ile hewa yake inaua mtu akiwa amelala.

11. Mafuta yaliyokaangia samaki na chipsi nikamwage wapi?

Usiyamwage mtaroni, wala kwenye sinki, wala kwenye chemba. Yakipoa yanaganda, yanashika mchanga na maganda, na siku chemba inafurika unachangishwa wewe na majirani. Yachuje, yaweke kwenye dumu, kuna watu wanayanunua kwa kutengeneza sabuni. Na usiyapike mpaka yawe meusi kama lami ndo useme yameisha. Mteja anasikia ladha hiyo hata kama haongei.

12. Maji ya kuoshea vyombo je?

Yachuje makombo kwanza, afu yaende kwenye shimo au chemba, sio katikati ya njia. Dar iliona 2015, kipindupindu kilipoanzia Kinondoni mwezi wa nane na kusambaa, mama ntilie ndo walikuwa wa kwanza kufungiwa, hata wale wasafi. Kuwa na ndoo ya koki ya kunawia na maji safi ya kusuuzia kunalinda biashara kuliko hirizi.

## Taka

13. Nalipa hela ya taka kila mwezi, gari halionekani wiki mbili. Nimlaumu nani?

Anayezoa mara nyingi ni kontrakta au kikundi kilichopewa mtaa, hela unalipa kwake au kwa mtaa. Kwa hiyo anzia ofisi ya Serikali ya Mtaa kwa mtendaji, ukiwa na risiti mkononi, afu afisa afya wa kata, afu manispaa. Bila risiti unapiga kelele tu. Na nendeni wengi, mtu mmoja akilalamika anaonekana ana ugomvi na mtu.

Kinachoharibu kabisa ni pale ambapo gari halijaja, anatokea kijana na guta, anachukua mia tano kwako, saa sita usiku anamwaga bondeni au kwenye kiwanja cha mtu. Umelipa ili taka yako ikuondokee machoni tu. Muulize anapeleka wapi, akianza kuzunguka maneno usimpe. Taka halali za jiji zinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na guta la kusukuma haliwezi kufika huko kutoka Sinza, kwa hiyo lazima kuwe na kituo cha kukusanyia cha karibu anachokitaja kwa jina.

14. Nitenganishe taka za nini wakati gari likija linachanganya zote?

Kwa sababu vyenye thamani havitakiwi kufika kwenye gari kabisa. Chupa za plastiki, makopo, vyuma, maboksi, hivyo vina wanunuzi wake. Ukiviweka kwenye kiroba chake safi, muokota chupa anapita anachukua bila kupasua mfuko wako wote barabarani, na yule mtu ni mfanyabiashara kama wewe, msalimie. Makombo ya wali na maganda wafugaji wa nguruwe na kuku wanayataka, wengine siku hizi wanafuga funza kwa ajili ya chakula cha kuku, watafute mpeane namba. Maranda ya mbao kutoka kwa mafundi wa samani wa Keko yanatandikwa kwenye mabanda ya kuku jiji zima. Nywele za saluni, hizo bandia, hazina mnunuzi na ni plastiki, zifunge ziende na gari, usichome.

Ukishatoa hivyo vyote, unachobaki nacho ni kidogo, na gari likichelewa siku tatu hakinuki.

15. Mimi nauza madafu, maganda si yanaoza yenyewe?

Yanaoza, ila taratibu mno, na kabla hayajaoza yanakuwa vikombe vya maji ya mvua. Mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia kidogo kidogo namna hiyo, na Dar imeshapigwa na dengi vibaya, 2014 na tena 2019. Lipasue dafu vipande viwili na lifudikize, hiyo tu. Yakikauka ni kuni nzuri. Mambo ni hayo hayo kwa matairi ya gereji na ya fundi pancha, yatoboe au yafunike, au muuzie fundi wa makatambuga.

16. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi lazima nifunge?

Utaratibu wa usafi ulianza 2016 na kwa kawaida maduka yanafunguliwa saa nne asubuhi. Uliza mtaani kwako wanavyofanya. Ila kama unafagia mbele ya duka lako mara moja kwa mwezi, tatizo lako sio saa ya kufungua.

## Mafundi na gereji

17. Fundi anaingiaje kwenye habari za mazingira?

Kwangu mimi ndo anastahili kuwa wa kwanza kwenye orodha. Fundi simu wa Kariakoo anayebadilisha kioo, fundi wa Gerezani anayegeuza bati na vyuma chakavu kuwa majiko na mageti, fundi viatu aliyekaa chini ya mti na sindano yake, fundi cherehani anayekata suruali ya mitumba iwe ya mtoto, hawa wote wanachelewesha kitu kwenda dampo kwa miaka, na hawajawahi kuitwa wanamazingira hata siku moja. Kitu kikiharibika Dar mtu anauliza fundi yuko wapi. Vijana wa sasa wameanza kuuliza kipya ni bei gani, hiyo ndo inanitia wasiwasi.

Lakini ufundi una uchafu wake na lazima usemwe. Oili chafu, kwanza. Iliyomwagwa chini inazama, na Dar watu kibao wanachimba visima, kwa hiyo inawarudia. Iweke kwenye dumu au pipa lenye mfuniko, uza kwa wanaokusanya, usimwage mtaroni na usiwashie moto. Betri za magari zina risasi na asidi, uza nzima, usizipasue na usiyeyushe risasi uani, hasa watoto wakiwepo. Fundi friji, usifungulie gesi hewani ili umalize haraka, baadhi zinakula tabaka la ozoni na nyingi zinaongeza joto, gesi inavutwa kwa mashine inarudishwa kwenye mtungi. Ndio, mashine ni hela. Chukueni moja watu watano.

Na nyaya msichome. Shaba inapatikana kwa kumenya, inachosha lakini ule moshi mweusi ni sumu kwako wewe uliyesimama karibu kabla haujafika kwa jirani.

## Majirani na wakaguzi

18. Nani ana haki ya kuja kunikagua au kunifungia?

Afisa afya wa kata kwa usafi na chakula, maafisa wa manispaa kwa leseni na eneo, NEMC kwa mambo ya mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, TBS kwa ubora wa bidhaa, na usajili wa majengo ya chakula upo kwao pia tangu 2019. Akija mtu, omba kitambulisho kwa heshima, omba kosa liandikwe. Faini ya serikali inalipwa kwa kontroo namba na unapata risiti. Anayetaka mkononi, bila karatasi, afu anaangalia pembeni, huyo unamjua mwenyewe.

19. Jirani analalamika moshi, muziki au mashine. Mimi nilikuwepo kabla yake, ananifanya nini?

Kuwepo mwanzo hakukupi ruhusa ya kumpa mtu kikohozi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa linawaka moshi mitaani kwao, na wakashinda. Kama jiji zima lilishtakiwa, kibanda cha kuchomelea hakina ujanja.

Ila usifike huko. Mfuate mwenyewe jioni mkiwa wote mmetulia, muulize ni saa ngapi inamkera zaidi. Mara nyingi sio kutwa nzima, ni muda fulani, labda ana mgonjwa au mtoto mchanga. Hamisha kazi ya kelele kwenye saa nyingine, inua bomba la moshi juu ya paa, geuza spika iangalie ndani. Kama ni baa na muziki wa usiku wa manane, hapo sikutetei.

## Hela

20. Haya yote si yanaongeza gharama?

Mengine yanaongeza, tusijidanganye. Mashine ya kuvuta gesi ya friji ni hela, mtungi wa kwanza ni hela. Mengine yanapunguza siku hiyo hiyo, kuloweka maharage, kutogawa mifuko, kuuza chupa na maboksi. Anza na ya pili, faida yake ikusaidie ya kwanza.

21. Kuna mkopo wa kununulia jiko la gesi au vifaa?

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mnakuwa kikundi kilichosajiliwa, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni ndefu kidogo. Kwa mtungi na jiko tu, vikoba au mchezo wenu wa kila wiki utakufikisha haraka kuliko fomu, mkopo wa halmashauri uache kwa vitu vya pamoja kama ile mashine ya mafundi friji kwenye swali la 17.

## Kesi ngumu

22. Kibanda changu kipo juu ya mtaro, nimekaa miaka na nina wateja. Nihame?

Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa barabarani na kwenye hifadhi za barabara Dar nzima, wengi waliumia na sehemu walizopelekwa nyingine hazikuwa na wateja, malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini kukaa juu ya mtaro ni kesi nyingine. Pale hakuna anayeweza kuzibua, na ukiziba maji yanaingia nyumba zilizo juu yako. Kama huna pa kwenda leo, angalau acha sehemu inayofunguka, kibanda kiwe cha kuhamishika, na usiweke zege. Afu uwe umeanza kutafuta, usisubiri greda.

23. Naweza kuandika "rafiki wa mazingira" kwenye bango langu?

Andika unachofanya badala yake. "Lete chombo chako upunguziwe mia" mteja anaielewa na anaweza kukukagua. Hilo lingine hata wauza matairi wanaliandika.

24. Nauziwa maboksi meupe mepesi ya chakula, wananiambia yanaoza. Kweli?

Yale ya povu jepesi hayaozi, yanavunjika vipande vidogo tu. Anayesema yanaoza muulize yametengenezwa na nini, akijibu "ni ya kisasa" umeshapata jibu. Kwa wanaokula hapo hapo sahani ya kuosha haina mpinzani, kwa wanaobeba rudi swali la 8.

25. Nafunga gereji, mwenye kiwanja anataka eneo lake. Ile ardhi iliyolowa oili inakuwaje?

Wengi wanamwaga mchanga juu na kuondoka, afu anayekuja analima mchicha hapo. Chimba udongo ulioloa mpaka ufike ambako haunuki tena, weka kwenye viroba, usiumwage bondeni, ongea na afisa mazingira wa manispaa akuelekeze pa kuupeleka. Oili na betri zilizobaki uza kama ilivyo swali la 17. Na mwambie mwenye kiwanja ukweli kwamba hapa palikuwa na gereji, hasa kama pana kisima.